Jicho la Kushoto la Thoya

Mtopanga, Kisauni,
Mombasa.
11 Novemba 1962

Mpendwa Mjomba Garama,

Shikamoo. Habari za Nakuru, na kifua chako je, baridi imekiachilia? Sisi huku tu wazima, na mama pia.

Mvua za vuli zimeanza, na muhogo tuliopanda upande wa kisima umeshika.

Najua umesikia kwamba kaka Thoya ametwaa tena ubingwa wa Pwani wa ngumi za ridhaa, mara ya nne sasa. Alimshinda polisi mmoja wa Changamwe kwa pointi. Makuli wenzake wa bandarini walimbeba mabegani kutoka ukumbini hadi daraja la Nyali. Jumatatu yake aliamka jicho la kushoto halioni kitu. Mpaka leo halioni.

Mjomba, kosa ni langu. Sijamwambia mtu.

Wiki moja kabla ya pambano ililetwa barua ya daktari wa macho aliyempima Thoya, ya Kiingereza. Unajua kwetu barua haifunguliwi mpaka watu wawe wameketi. Mama alitandika mkeka, majirani wakaja, nikapewa mimi kwa kuwa ndimi pekee ninayesoma. Nikaipitia kwanza kimoyomoyo. Ilisema jicho limechanika kwa ndani, asipigane tena kamwe, ngumi moja yatosha kulipofusha.

Mzee Nguma, jirani yetu, akasema, "Soma, mwanangu, usiyamumunye maneno kama ubuyu."

Thoya akasema, "Mwacheni. Huyu hata kuku akimtazama huinama."

Wote wakacheka, wakanitazama. Nikasema, "Daktari anasema jicho ni zima."

Mama akapiga vigelegele. Nilidhani watu wakiondoka nitamwita Thoya kando nimwambie. Lakini waliondoka naye, na siku zilizofuata kila nilipomkuta peke yake nilijifanya nina kazi. Siku ya pambano nilimpigia pasi bukta yake, nikampa.

Silii, Mjomba. Nachota maji, nafanya hesabu za shule, kana kwamba mambo haya yamempata mtu wa nyumba nyingine.

Thoya hanilaumu mimi. Anamlaumu daktari. Barua ameikunja pamoja na nishani zake, anasema ukija Krismasi utaisoma, kisha mwende wote wawili kwa daktari huyo mkamwonyeshe alichokiandika. Wewe utajua kwa mstari wa kwanza tu. Basi akikupa, nakuomba usiisome. Nipe mimi. Watu wakae mkekani kama siku ile, na nitaisoma ilivyo.

Mama anakusalimu sana, na hawe Nyamvula, bibi yetu, anauliza kama bado unakunywa chai bila kula kitu. Nisalimie mkaza mjomba Pascalia na watoto. Mungu akutangulie njiani, akulete kwetu salama.

Thoya ameketi hapa karibu, amenitaka niandike na yake: "Mwambie Mjomba jicho moja linatosha kumwona akishuka kwenye treni."

Hayo ni maneno yake. Sikuongeza wala kupunguza.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Jumwa