Miguu ya Ebenezeri

Shirimatunda, Moshi
9 Machi 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu Krismasi? Magoti yanaendeleaje, na ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, ila nikikaa chini nainuka kama mzee wa kanisa.

Mama, Jumapili nilikimbia marathoni yangu ya kwanza! Nilitumia saa mbili na dakika ishirini na tatu. Watu walinibeba juu juu, kumbe mwenzao nilitaka kulia. Wanaokubaliwa kwenye zile mbio kubwa za Ulaya mwezi wa sita ni waliokimbia chini ya saa mbili na dakika ishirini. Dakika tatu tu, mama. Mwalimu Sirili anasema nipumzike wiki nne, nisikimbie hata kuwahi ibada, halafu nijaribu tena mwakani. Mwakani nani anajua?

Sasa kuna jambo nimeliwaza. Marehemu kaka Ebenezeri alikimbia kwa saa mbili na kumi na tisa mwaka jana, na karatasi yake ya matokeo ninayo. Nafasi yake ipo, hakuitumia, na wenye mbio hawajui kwamba alifariki. Naomba unitumie cheti chake cha ubatizo nikaombee pasi kwa jina lake. Tunafanana, hata wewe mwenyewe ulikuwa unatuchanganya. Mpe jirani yetu Veronika akishuka huku sokoni na ndizi zake.

Mwanao,
Gidioni

Marangu
14 Machi 1994

Mwanangu Gidioni,

Marahaba. Huku tuko salama. Ng'ombe bado, ananitazama tu kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha. Magoti ni yale yale.

Hongera kwa mbio. Lakini wewe mtoto, akili hizi umezitoa wapi? Cheti nilikaa nacho mezani siku mbili. Nilikasirika, nikalia, mwisho nikampa Veronika. Usiniulize kwa nini. Nafikiri nilitaka jina lake lifike huko Ulaya, maana alitamani sana kufika huko.

Ila pumzika! Kaka yako naye aliambiwa wiki nne, akapumzika siku tisa, na wiki ya tano akaanguka pale darajani moyo umesimama. Nimebaki na wewe peke yako, sikia.

Na ungekuwa na adabu ungepanda kwanza huku, tukaenda wote kihambani, kwenye migomba yetu, kaburini kwake, na jani la sale la kuombea radhi mkononi, tukamwomba. Kitu cha marehemu hakichukuliwi kimya kimya, hata Mchungaji akinuna. Lakini haya, una haraka zako, na mimi ndiye niliyekupa.

Mama yako

Shirimatunda
29 Machi 1994

Mama,

Shikamoo. Poleni na mvua. Cheti nilikipata, asante sana. Wenye mbio wamelikubali jina, na pasi iko njiani.

Tatizo ni miguu. Wiki ya kwanza ilikuwa inapona vizuri, nikaanza kutembea hadi mjini. Siku ile niliyopeleka jina la kaka, kesho yake niliamka mapaja yamekaza, kucha zimekuwa nyeusi, na shuka limelowa jasho. Tangu hapo ni kila asubuhi, kama vile nimemaliza marathoni sasa hivi. Nimekwenda kwa daktari, akanipapasa magoti, akaniambia, "Kijana, punguza mazoezi." Mazoezi gani, mama? Sijavaa viatu vya mbio wiki tatu. Elifuraha ninayekaa naye chumba kimoja anaapa sinyanyuki kitandani mpaka jua lichomoze.

Niombee.

Mwanao,
Gidioni

Marangu
5 Aprili 1994

Gidioni,

Marahaba. Pasaka tumekula salama, ng'ombe amezaa jike, mambo ya huku ndiyo hayo.

Mbona unanifanya mjinga? Unaniandikia kwamba hukimbii, nami nakuona kwa macho yangu. Siku kumi na tano sasa, kila kunapopambazuka, unapita hapa mbele na fulana yako ya njano, unapandisha kuelekea msituni. Kutoka mlangoni kwako mpaka hapa ni marathoni nzima, kisha unashangaa mapaja kukaza!

Na salamu je? Jana nilikupikia mtori wa ndizi, nikasimama na bakuli kwenye masale ya mpakani mpaka mkono ukachoka. Ulipita karibu hivi, ningeweza kukushika sikio. Hukunitazama hata kidogo, na hukuwa unahema. Nilirudi ndani nikalia, nikajiuliza nimekukosea nini. Kama ni ugomvi, sema.

Mama yako

Shirimatunda
12 Aprili 1994

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, na Elifuraha ameisoma, naye amehamisha godoro lake karibu na mlango.

Siyo mimi, mama. Nakuapia. Mimi sina fulana ya njano. Ya njano ni ile tuliyomzika nayo kaka.

Anakimbia kwa miguu yangu. Sijui niseme vipi vingine. Juzi saa kumi na moja alfajiri Elifuraha alinishika miguu nikiwa nimelala, anasema ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni, na mishipa inarukaruka. Kufika chooni nashika ukuta. Kila siku pumzi inapungua kidogo.

Nenda leo hii kaburini na jani la sale. Mwambie nimekosa, nililichukua jina lake bila kumwomba. Wenye mbio nimeshawaandikia kwamba najitoa. Ulaya siitaki tena, nataka kupona tu. Ningekuja mwenyewe, lakini sifiki hata stendi. Nenda haraka, mama, ninaogopa.

Mwanao,
Gidioni

Marangu
18 Aprili 1994

Mwanangu Gidioni,

Pole, pole sana. Unakula? Mwambie Elifuraha akupikie kitu cha moto.

Sitakudanganya. Jani nililichuma siku ileile. Nilifika nalo mpaka migombani, nikasimama, nikarudi. Liko hapa mezani mbele yangu. Gidioni, nikimwomba atulie, hatapita tena. Wewe hukuwepo alipoanguka, ni mimi niliyemfunika kwa kanga pale darajani. Sasa namwona ana afya, mashavu yamejaa, anapanda kilima hiki bila kuchoka. Jana nilimwita jina lake akapunguza mwendo. Nilisikia raha ambayo sijaisikia mwaka mzima, na naona haya kukuandikia hivyo.

Nipe mpaka Jumapili. Nimwone siku sita tu, halafu nitakwenda, nakuahidi. Wewe ni kijana, utavumilia siku sita.

Mama yako anayekupenda

Shirimatunda
22 Aprili 1994

Mama,

Shikamoo. Anayeandika ni Elifuraha, mimi namtajia, maana mkono hautulii.

Sikulaumu. Hata mimi ningependa kumwona kaka. Lakini Jumapili usiipitishe, tafadhali, mama. Asubuhi nikiamka siku hizi nanusa ukungu wa msituni humu chumbani, na inachukua muda kujua niko wapi. Leo imechukua mpaka saa nne.

Mwanao,
Gidioni

Marangu
10 Mei 1994

Mwanangu Gidioni,

Hujambo? Nijibu kwamba hujambo. Karibu wiki tatu sina barua yako. Veronika amepita kwako mara mbili, anasema mlango umefungwa kwa ndani, naye Elifuraha amerudi kwao kulima.

Jumapili ile sikwenda. Nilijiambia iliyofuata, na iliyofuata sikwenda. Kila asubuhi nilisema leo ndiyo mwisho, na kila asubuhi alipita, nami nikasimama na bakuli langu kama bibi harusi. Nisamehe. Mimi ni mama mbaya.

Leo nimekwenda. Nimeweka jani, nimepiga magoti haya mabovu kwenye tope, nimemwambia Ebenezeri akuache, nimepiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nimekwenda kwa sababu ya nilichokiona jana.

Jana walipita wawili.

Wa mbele hakugeuka, kama kawaida yake. Wa nyuma alipofika hapa langoni alipunguza mwendo, akanitazama vizuri, akasema, "Shikamoo, mama." Ilikuwa sauti yako. Sikuitikia, Gidioni. Marahaba ilinifika mdomoni nikaimeza, maana niliona nikiitikia nimekubali uende naye. Alisubiri kidogo, halafu akamfuata mwenzake.

Kesho nakuja na basi la kwanza. Barua hii nampa Veronika anayeshuka leo, aisukume chini ya mlango. Nikukute umenikasirikia, unitukane, usiseme nami mwaka mzima, nitashukuru. Lakini nikibisha, itika.

Mama yako