Harufu Tamu Ndani ya Gari la Gyeong-ho

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hapa Inje milimani kila ninayemweleza ananicheka.

Mume wangu Gyeong-ho yuko baharini na meli ya kuvua jodari tangu mwaka juzi, na gari aliloniachia ndilo ninalokwenda nalo kazini kwenye kiwanda cha tofu, na mara nyingine nafika na sishuki, nakaa tu, kwa sababu kiti chake kilikuwa bado kina harufu yake, ya sigara na mafuta ya nywele, nikifumba macho ni kama yuko nje anafunga geti. Sasa tangu baridi ianze harufu hiyo imefunikwa na nyingine, tamu kama sharubati iliyoungua, nikiwasha hita kioo cha mbele kinashika ukungu, zulia la upande wa abiria limelowa, na maji ya rejeta yanapungua ingawa chini ya gari ni pakavu. Kila asubuhi naongeza maji ya bomba. Juzi mlimani mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu, nikaegesha pembeni nikalia.

Mdogo wake, shemeji Byeong-su, alilitazama mikono ikiwa mfukoni.

“Gasketi ya silinda hedi imeungua, shemeji. Huo ni mzoga, tuuze chuma chakavu.”

“Hata boneti hujafungua.”

“Mzoga unajulikana kwa pua.”

Gyeong-ho anashuka bandarini Busan kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Kila akipiga simu anauliza gari linaendeleaje, nami najibu halina neno. Nataka nikampokee nalo. Nikiliacha lifunguliwe naogopa halitarudi, nikiliendesha naogopa litanifia njiani. Nifanyeje?

Eun-seol, Inje

*

Eun-seol mwanangu,

Barua yako sikungoja kuijibu gazetini, nilikupigia siku hiyohiyo, kwa sababu kutia maji matupu katika baridi ya Inje ni kuitafutia injini kifo. Yakiganda yatapasua chuma. Wenzako nao wasikie: tieni kulanti, ile dawa ya rejeta isiyoganda, na kifuniko cha rejeta msikiguse injini ikiwa ya moto.

Nilikuuliza, “Moshi wa ekzosi ukoje?”

“Wa kawaida, mama.”

“Na oili kwenye kijiti cha kupimia?”

“Nyeusi tu.”

Gasketi ikiungua, mara nyingi moshi mweupe haukomi hata injini ikishapata moto, au oili inageuka rangi ya maziwa, au rejeta inatoa mapovu. Wewe ulikuwa na zulia bichi na ukungu kiooni. Hiyo ni rejeta ndogo ya hita inayovuja, nyuma ya dashibodi, na shemeji yako angeinama kidogo angeuona unyevu wake. Lakini uliichemsha injini, na kuchemka ndiko kunakounguza gasketi, kwa hiyo nikakutuma kwa fundi akapime.

Jana umenipigia. Fundi amejaza upepo kwenye rejeta injini ikiwa baridi, shinikizo likashuka, zulia likaanza kudondosha. Amepima kama moshi wa injini unaingia kwenye maji, hauingii. Gasketi ni nzima, umebahatika. Ila dashibodi yote itang’olewa, zulia na viti vitatolewa vifuliwe, na meli itafika kabla ya gari kuwa tayari. Ukaniuliza kwa sauti ndogo kama fundi anaweza kuunganisha mipira ya maji, hita irukwe, uende hivyohivyo. Kwa safari ya Busan bila hita, kioo kimeganda, huoni mbele? Hapana. Unataka Gyeong-ho apokewe na nani, polisi wa barabarani?

Naujua uzito wa kiti kile. Mimi mwenyewe niliwahi kulala na koti la mtu miaka. Lakini mwache fundi akifue. Mwenye harufu anarudi.

Na acha kumwambia mumeo halina neno. Huyo haulizi habari za gari. Wanaume wengi wa meli hawajui kusema “wewe je,” wanazunguka. Akipiga leo mwambie gari ni bovu, na kwamba huwa unakaa ndani yake hushuki. Kisha nyamaza umsikilize.

Siku yenyewe panda basi la alfajiri. Vaa koti zito, bandarini kuna upepo. Habari za rejeta atazisikia njiani mkirudi. Akishuka ngazi, wewe mkumbatie kwanza.