Madirisha ya Godwin na Barua za Mama

S.L.P. 87,
Mkunya,
Newala.
6 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba Nikolao,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Godwin na mdogo wangu Gideoni, na kwamba baridi ya Ujerumani haijaanza kuwabana. Wazee unaowauguza huko nawaombea nafuu. Sisi hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua akipanda ngazi za kanisa tu. Akienda kuokota korosho hayamsumbui hata kidogo. Baba ni mzima na anakusalimu sana.

Korosho zimeanza kudondoka, na harufu ya mabibo inatufuata mpaka darasani. Mimi niko kidato cha tatu sasa. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema nikiendelea hivi naweza kufika mbali, ila nipunguze hasira katika insha zangu. Nitajaribu, lakini si katika barua hii.

Anayekuletea barua hii ni Sista Anjelina, anayesafiri Alhamisi. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kompyuta uliyotuletea haifunguki, na haifunguki kwa sababu nimeifunga mimi. Ule ujumbe ulioupata kutoka simu ya Bibi, "MJOMBA USIFUTE BARUA PEPE HATA MOJA", ni wangu pia. Niwie radhi kwa zile herufi kubwa. Niliogopa, maana uliwahi kutuambia kwamba sanduku lako la barua pepe limejaa na utalifagia ukipata likizo.

Mjomba, unakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akikuandikia kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hajavua hata sare ya kwaya. Alipofariki, Baba alinipa neno la siri la sanduku lake. Nikaanza kusoma barua zile tangu ya kwanza, moja tu kila Jumapili, kwa sauti, Bibi akiwa kando yangu anabangua korosho. Kuna ile ya mbuzi aliyekula nota za kwaya. Kuna ile aliyokueleza kwamba nimeng'oka jino nikalipanda shambani ili liote. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Ningeweza kuzisoma zote kwa siku chache. Nilijinyima kusudi, kama mtu anayebana unga ufike mavuno. Nilikuwa sijaufikia mwaka wake wa mwisho.

Mwanao Godwin amezifuta zote.

Najua si adabu kumshtaki mtu kwa baba yake mzazi. Lakini kwetu mjomba ndiye mwamuzi, na wewe ndiye mjomba wangu. Sina mwingine wa kumpelekea.

Ilikuwa Jumamosi, sisi tuko shambani. Godwin alibaki nyumbani akisema anajaza maombi ya chuo. Tuliporudi, nikawasha kompyuta nikakuta sanduku la Mama, ambalo huwa naliacha wazi, limekuwa jeupe, zilizoingia na zilizotoka, hata pipa la taka limemwagwa. Nikamuuliza.

"Aa, binamu," akasema, huku anatafuna bibo langu. "Kompyuta ilikuwa nzito. Barua za zamani zinakula nafasi."

"Zilikuwa za shangazi yako."

"Sasa marehemu anasoma imeli?" Kisha akaona uso wangu, akacheka. "Utani bwana! Mtani hakasiriki."

Kweli sisi ni mabinamu, na mabinamu ni watani. Akinificha kiatu sina haki ya kununa. Bibi ndiye aliyejibu, tena kwa Kimakonde, kisha akarudia kwa Kiswahili ili asije akasingizia kwamba hakusikia: "Mtani anaiba kuku, mume wangu. Haibi kaburi." Bibi humwita mume wangu kila siku kwa mzaha, lakini siku hiyo hakuwa anatania.

Na uzito wa kompyuta, Mjomba, haukuwa wa barua za Mama. Ulikuwa wa madirisha ya Godwin. Yeye hafungi dirisha hata moja. Akitafuta matokeo ya mpira, anafungua. Bei za pikipiki, anafungua. Mitindo ya kunyoa, filamu, magari ambayo hata tairi lake hawezi kununua, yote yako wazi kwa majuma, moja nyuma ya jingine, mpaka mashine inaunguruma kama kinu cha kusaga. Hahifadhi kitu na haandiki kitu popote. Anasema akilifunga dirisha atasahau alikuwa anatafuta nini. Mimi alinikataza nisiguse: "Ukifunga hata moja, utanitambua."

Basi Jumatatu, alipokwenda Newala mjini kunyoa, nilikaa kwenye kile kiti cha Mama nikayafunga.

Sikuizima kompyuta kwa mkupuo, ingawa ingekuwa rahisi. Nilifunga moja baada ya jingine, nikilitazama kila dirisha kabla ya kulifunga, ili nijue ninachomnyima. Nilifunga mpira. Nilifunga pikipiki. Kulikuwa na barua ndefu aliyokuwa akimtungia msichana mmoja wa Lisekese kwa siku nyingi, haijahifadhiwa. Nilisoma mstari wa kwanza tu, nikaona ameuchota kwenye wimbo. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.

Hilo ndilo linaloniuma, Mjomba. Kompyuta haifuti kitu bila kuuliza. Godwin naye, ilipomwambia vitu hivi havitarudi, je, ana hakika, alisoma, akajibu ndiyo.

Dirisha la mwisho lilikuwa la maombi yake ya chuo cha mifugo. Mkono wangu ulikaa juu ya kipanya kwa muda. Amejaza karibu yote, na mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi huu. Hilo sikulifunga. Nilihifadhi kila alichoandika. Kisha nikaifungia kompyuta yenyewe kwa neno jipya la siri, nikaifunika kitambaa chake, nikaenda kuteka maji.

Aliporudi alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye nywele mpya. "Binamu, fungua bwana. Maombi yangu yamo humo!"

"Mtani hakasiriki," nikamwambia.

"Veridiana! Namba zangu zote za kuingilia zimo humo, na hiki kisimu changu cha kitochi hakifungui hata picha!"

"Utani tu, binamu."

Bibi akasema kutoka jikoni, "Mume wangu, umefungiwa nje? Pole. Njoo unisaidie kubangua." Na tangu siku hiyo anabangua, vidole vyeusi kwa utomvu, wala simwonei huruma. Usiku nikiomba, jina lake nalitaja mwisho, tena haraka.

Mtani akikuchukulia kitu, hakidaiwi kwa ugomvi. Kinakombolewa. Bibi anasema wa kukomboa hiki ni wewe.

Kwa hiyo nisikilize, Mjomba. Barua ambazo Mama alikuandikia zilifutwa hapa, lakini huko ziliingia kwako. Kama hujafagia, zipo, pamoja na zile ambazo sijazisoma. Neno la siri la kompyuta ni yale maneno mawili ambayo Mama alianzia kila barua aliyokuandikia. Hayajui mtu mwingine ila Bibi, naye ameapa. Fungua yoyote, utayaona. Hata kama unayakumbuka kwa kichwa, tafadhali fungua.

Kama zipo, nirudishie zote, kisha mpe Godwin hayo maneno mawili, aende chuo, na mimi nitamfulia shati la safari. Kama umezifuta, usimpe. Najua si haki. Lakini naamini hukuzifuta, maana wewe ni kaka yake.

Msalimie sana Mama Godwin, na umbusu Gideoni kwa niaba ya Bibi Agatha, anayesema asikue haraka kabla hajamwona. Baba anakutakia kazi njema. Mungu akulinde njiani na kazini, na akuzidishie moyo wa kutunza vitu vya zamani.

Mpwa wako akupendaye siku zote,
Veridiana

N.B. Usimtumie Godwin yale maneno kwa ujumbe. Apige simu yeye. Akuamkie kwanza, kisha akwambie kwa kinywa chake mwenyewe alichokifuta, na kilikuwa cha nani.