Msimamizi Mwingine Yupo Kazini

Jumatatu, 2 Juni

Sala ya asubuhi, kisha chumba cha mashine nyuma ya kanisa. Nimepangusa vumbi, nimeunganisha waya wa batri ya jua, nimeketi. Serveri yetu, ordinateri au kompyuta inayopokea na kutuma ujumbe kwa mawimbi ya redio kati ya kanisa letu hapa Mweso na lile la Pinga, imewaka vizuri. Ukurasa wa usimamizi umekataa kufunguka. Umeandika kwa Kifaransa kwamba msimamizi mwingine yupo kazini, nisubiri atoke.

Hakuna msimamizi mwingine. Baraza la wazee lilinikabidhi kazi hii peke yangu. Ufunguo wa chumba hulala mfukoni mwangu.

Kwa nje naona majina tu ya wanaongojewa na ujumbe. Limo jina la Mama Nyota, aliyekimbia vita kutoka Pinga na sasa anaishi kambini. Binti yake Aline alibaki kule, mjamzito. Simu hazifiki huko siku hizi. Jina naliona, maneno siyaoni.

Jumanne, 3 Juni

Nimesubiri tangu alfajiri. Hajatoka.

Nimempata kwa simu Josué, fundi wa Goma aliyetufungia mashine. Alicheka kwanza.

"Mzee, ule muntu njo weye."

Kisha akaeleza. Kila Jumapili nauchomoa waya wa mashine ili batri ihudumie vipaza sauti vya korali. Desturi yangu ni kuufunga ukurasa kwanza. Juzi wimbo ulikuwa umekwisha kuanza, nikachomoa tu. Mashine haikuniona nikitoka. Kwake ningali ndani, nayo haikubali wawili. Kuna faili dogo la kufuta, kupitia dirisha jeusi la amri. Alianza kunisomea herufi. Rezo ya simu ikakatika.

Jumatano, 4 Juni

Nimezima, nimewasha. Vilevile.

Kitufe cha kumtoa msimamizi kwa nguvu kipo. Kimewekwa ndani ya ukurasa. Kukifikia ni lazima niingie, na kuingia ni lazima niwe nimetoka. Aliyetengeneza chombo hiki hakumfikiria mtu anayeishi mbali na fundi. Nimekasirika, na hasira haifai mtu wa umri wangu.

Nimelifungua dirisha jeusi, nimeandika nilichokumbuka. Limejibu kwamba amri hiyo haijulikani. Nikaogopa kufuta maneno ya watu. Nikaacha. Josué hapatikani. Nimesali, lakini bila utulivu.

Alhamisi, 5 Juni

Mama Nyota amekuja kutoka kambini. Kuna aliyemwambia.

"Papa Mzee, jina yangu iko pale?"

"Iko, mama."

"Basi unisomee."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na fundi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Funguo iko kwako, mashine iko kwako, na ule muntu mwenye kukatala njo weye tena. Sasa mie niombe nani?"

Nilimwambia tuombe pamoja. Alikubali, lakini macho hakufumba. Aliitazama mashine.

Ijumaa, 6 Juni

Rezo imerudi. Josué amenisomea herufi moja moja, nami nimezirudia kama mwanafunzi wa katekisimu. Faili limefutika. Ukurasa umefunguka mara moja, bila kelele, kana kwamba haukupata kufungwa.

Nilimwita Mama Nyota kabla sijasoma. Ujumbe ulikuwa wa Jumapili jioni.

"Mama, muntu wa pikipiki anakubali kunileta siku ya tatu asubuhi. Barabara ya huko iko muzuri? Unijibu, nikuje ao nibakie. Nikikosa jibu, nitafwata wengine mu pori."

Siku ya tatu ni Jumatano, yaani juzi. Juzi barabara ilikuwa wazi. Wachuuzi wa maharage walipita salama.

Aliniomba nirudie. Nilirudia. Tumetuma jibu: njoo. Kule Pinga hakuna anayelipokea. Ujumbe wa mwisho wa mchungaji wao, wa jana, unasema watu wameondoka kuelekea msituni, na yeye anawafuata.

Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumamosi, 7 Juni

Kimya kutoka Pinga. Sikula.

Jumapili, 8 Juni

Sikuchomoa waya. Nilimwarifu kiongozi wa korali kabla ya ibada.

"Mzee, leo unatufunga midomo," alisema.

Waliimba bila vipaza sauti. Waliokaa nyuma walisikia kidogo. Mama Nyota hakuingia kanisani. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha mashine, kitenge mabegani. Baada ya baraka nilikwenda nikaketi karibu naye. Ukurasa uko wazi. Kila kitu kinafanya kazi, ndivyo ulivyoandika. Mstari wa Pinga ni mtupu.

Amesema atarudi kesho. Ufunguo nimempa yeye.