Singo ya Dada Mwajuma

Alhamisi

Singo anayosuguliwa dada Mwajuma kabla ya harusi haikutoka Dar. Nimeitengeneza mimi, na sijamwambia mtu.

Ile ya dukani, iliyotoka Dar, iliisha wiki iliyopita. Mama akasema hana uwezo wa kununua nyingine, dada akalia. Kusema mbele za watu siwezi, lakini mikono ninayo. Nikachukua machicha ya nazi tunayowamwagia kuku, nikayaanika, nikayatwanga pamoja na mchele wa kwetu hapa Mbuchi, manjano na asumini za uani. Nikajisugua kwanza mwenyewe, nisije nikamharibu bibi harusi. Kisha nikaijaza ndani ya kopo lile lile la dukani, nikawaambia nimeiagiza Dar kwa akiba yangu.

Leo kungwi wake, Bi Zuhura, amelifungua. Moyo wangu! Dada akitokwa na vipele na harusi ni kesho kutwa, nitakimbilia wapi?

Akanusa. Akamsugua mikono, shingo, mgongo. Dada akang'aa mpaka mama akapiga kigelegele.

"Mnaona?" akasema Bi Zuhura. "Vitu vya mjini hivi, siyo machicha yenu!"

Nikainama, nikajifanya natafuta kandambili.

"We Tatu, unacheka nini peke yako? Niagizie na mimi kopo moja, mwanangu naye anaolewa."

"Nitakuagizia, bibi."

Sasa dada amelala hapa pembeni, hana hata kipele. Nimeweza! Mimi, niliyekuwa naogopa kunyoosha kidole darasani.

Kuku wamenuna, machicha yao hawayaoni. Lakini wao hawasemi. Na wewe usiseme.