Namkuza Ambindwile

Jumamosi, 1 Machi 2025

Mvua tangu asubuhi. Wamekuja wote watatu kwa mchezo wetu wa dadu na karatasi, viatu vimejaa matope, sebule yangu imegeuka shamba. Tumecheza saa nne nzima na zimwi langu bado halijafa! Ambindwile. Jina nililiona kwenye kibao cha mashine ya kusaga, njia ya Masoko, nikalipenda kwa jinsi linavyobingirika mdomoni. Siku ya kwanza Lugano, bwana shamba wetu, alicheka: "Madam, hilo jina la watu!" Basi likabaki hivyo hivyo.

Leo Ambindwile amefikisha dadu sita za uhai, ndizo ninazomrushia kupata pointi za uhai wake. Sheria nimezitunga mwenyewe na nazipenda kuliko silabasi. Kila Jumamosi akinusurika, anaongezewa dadu moja. Akijeruhiwa akakimbia, anapata nguvu mbili juu. Akifika dadu nane anabadilika umbo – sasa hivi ni kama ng'ombe, hapo atakuwa kama lori. Na mkuki humchoma sawasawa pale tu mrushaji anapomwita kwanza kwa jina. Usipomwita, jeraha nusu.

Mwenye mkuki ni Doreen. Mara tatu amerusha, mara tatu amepata, mara tatu hakumwita. Nusu, nusu, nusu! Mwalimu Godwin alikasirika hadi chai ikapoa mbele yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimesahihisha madaftari sita tu. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani. Doreen anafanya makusudi? Ni muuguzi, sheria anazijua kuliko sisi sote. Au mchezo umemchosha, anaona haya kusema? Akiacha yeye, basi. Godwin na Lugano ni watu wa Jumamosi tu. Miaka miwili niko Tukuyu, nimetoka Machame simjui mtu, na wa kumpigia simu nikiumwa ni yeye peke yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeharibu.

Dadu nane. Ambindwile ametoka majini mkubwa kama lori, nilimchora ukurasa mzima. Doreen karusha mkuki – kimya tena. Nikashindwa kujizuia. Mbele ya wenzake nikamwambia, unaogopa jina la kwenye karatasi, mtu mzima na akili zako?

Akaweka dadu mezani taratibu. Akachukua mwavuli. Akaondoka. Lugano akasema labda zamu zimemchosha. Godwin akasema anyang'anywe mkuki, kwani iko nini? Nikawaambia mchezo umeisha, nendeni makwenu. Sufuria ya viazi nimeiunguza.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nikamfuata kwake. Alikuwa uani anamenya ndizi. Nikasimama muda, ndipo akanisogezea kigoda.

Akasema bila kunitazama kwamba hilo ni jina la baba mkwe wake. Baba wa mumewe Ackson, wa kule Masoko. Mila ya huku, mke hamtaji baba mkwe wala hamsogelei; tangu aolewe, miaka tisa, hajawahi kulitamka. Mzee akija, yeye anatoka sebuleni, chakula kinapelekwa na mtoto. Hata mgonjwa akija wodini mwenye jina hilo, yeye humwita "baba wa kitanda cha nne".

Na mimi wiki zote hizi namlazimisha aliite huku anarusha mkuki! Mchaga mimi, ningejuaje? Lakini si ningeuliza! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema nalibadilisha leo leo. Akakataa. Lugano atauliza kwa nini, atajua, na kufika Jumatatu Tukuyu nzima itasikia kwamba baba mkwe wa Doreen ni zimwi. Hapo tukacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza siku nyingi. Nikamsaidia kumenya mpaka beseni likajaa.

Alhamisi, 20 Machi

Doreen kapiga simu saa ya mapumziko. Mzee kalazwa tangu Jumanne, mapafu. Wodi ni ile ile anayofanya kazi yeye. Hawezi kumhudumia, hawezi hata kusogelea kitanda, hivyo yeye kahamishiwa wodi nyingine. Anachosoma ni faili tu.

Kisha akauliza, sauti ndogo, zimwi lina dadu ngapi sasa. Nane bado, nikamwambia, Jumamosi iliyopita haikuhesabiwa. Akasema vizuri, liendelee kukua. Nikadhani ananitania.

"Jumamosi asife, Aika. Najua ni upuuzi, biolojia nimesoma. Ila asife."

Sijawahi kudanganya kwenye dadu, hata siku moja. Ndiyo maana wanakuja kwangu! Kengele ikalia, nikaingia Form Two B na kitabu cha Form Three.

Jumamosi, 22 Machi, saa kumi jioni, jikoni

Naandika haraka nyuma ya daftari la zimwi. Mkuki wamempa Lugano. Doreen aliutoa mwenyewe, mbio mbio, kama anayetua mzigo. Lugano akasimama, akaliita jina kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Doreen akainamisha kichwa. Dadu ya shabaha: kapata! Kwa majeraha ya leo Ambindwile kabakiwa na pointi sita tu za uhai; jeraha la sita au zaidi linamuua.

Dadu ya jeraha, ile ya pande kumi, Lugano kairusha kwa nguvu mno, ikabingirika hadi chini ya kabati. Nikapiga magoti mimi. Imesimama kwenye nane. Nimeiona vizuri kabisa.

Nikasema, kuna giza, nafuata tochi.

Tochi ninayo mkononi. Godwin anapiga kelele kabati lisiguswe. Lugano anasema yeye hata sita inamtosha. Doreen amekuja kusimama mlangoni. Simu yake inaita, naona jina la Ackson kwenye kioo, na hapokei. Anataka nimjibu mimi kwanza, dadu imesema nini.