Moshi wa Kwanza

Malaba, 3 Agosti 1974

Mke wangu Maimuna,

Leo ni miezi saba tangu niwaache Vanga. Mimi mzima, ila mikono inaniwasha kwa kitambaa cha asbesto. Malori ya turbo, yale ya injini zenye joto kali, yakija gereji, mimi ndiye ninayekizungusha kwenye bomba la moshi, joto lisifikie bomba la hewa.

Sikukuandikia kwamba Juni nilikifunga bila kukiloweka maji, kikalegea njiani. Bosi akasema nikikosea tena nirudi kwetu moja kwa moja.

Jana nilikifunga kwenye lori la mafuta linalokwenda Kampala. Dereva kuwasha injini tu, kitambaa chote kikafuka moshi mwingi kuliko nilivyowahi kuona. Akaruka chini. "Wewe mtu wa pwani, umenichomea gari!"

Fundi Wabwire, anayenifundisha kazi, akainama, akanusa, akacheka. "Panda gari, mzee. Kitambaa kipya lazima kitoe moshi kikipata joto mara ya kwanza. Huyu amefunga kunishinda mimi."

Tukangoja. Moshi ukaisha, lori likavuka mpaka. Jioni bosi mwenyewe alinipa ruhusa ya kuja kwetu, niliyokuwa naogopa kuomba. Siku tatu kabla ya Idd nitakuwa nyumbani.

Mumeo,
Chande